Taa Juu, Presha Chini: Vidokezo 7 vya Kuchagua Klampu za Jukwaa

Tanga, mji uliotoa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na taarabu za Black Star na Lucky Star, hauhitaji kufundishwa namna ya kujaza ukumbi. Shughuli yetu siku hizi iko juu ya vichwa vya wasanii. Taa za LED zimeshuka bei, kila mwenye kukodisha muziki wa harusi ana za kwake, na spika zikishapangwa fundi anauliza: "Hizi tunazifunga wapi?" Kama jibu lako huwa ni "popote tu, bwana", haya ni yako. Yasome sasa hivi, chai haitapoa.

1. Lijue bomba kabla ya bei

Hapa ndipo hela nyingi hupotelea. Klampu nyingi za taa zimetengenezwa kwa bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 48 hadi 51, kwa sababu bomba la skafoldi ni 48 na trasi za alumini mara nyingi ni 50. Sasa nenda duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, uombe bomba la maji la inchi mbili ukipiga hesabu kwamba inchi mbili ni milimita 50. Utarudi nyumbani na bomba la milimita 60! Bomba za maji zina majina ya mazoea, na jina hilo halilingani na upana wa nje unaoushika mkononi. Unalolitaka wewe ni la inchi moja na nusu, ambalo nje lina milimita 48.3, sawa na la skafoldi.

Huna kipimo? Lizungushie uzi mara moja, kisha unyooshe uzi huo kwenye rula. Sentimita 15 na kidogo, lipia uondoke. Ukikuta 19, hilo ndilo lile la inchi mbili, liache hapo hapo. Na atakayekushauri uchomeke kipande cha tairi ili klampu ibane, mshukuru kwa ukarimu wake, halafu ununue klampu ya saizi yake.

2. Isome klampu yako

Klampu ya maana imechapwa au kubandikwa uzito inaoweza kubeba. Tafuta herufi WLL au SWL, kisha namba na kg. Hizo ndizo kilo zako, na usizivuke hata kwa nusu saa ya kumwingiza bwana harusi. Taa ndogo za LED huwa na kilo 2 hadi 4 hivi, kwa hiyo hazisumbui. Zile zinazozungusha kichwa ndizo za kuangalia: nyingi hufika kilo 15, 20, hata zaidi. Mzani mdogo wa ndoano, ule wa kupimia mabegi ya safari, utakumalizia ubishi wote. Jumlisha taa, klampu yenyewe na nyaya zinazoning'inia. Kumbuka pia kwamba bomba nalo lina kikomo chake; likianza kupinda katikati, punguza taa au ongeza nguzo.

Klampu isiyo na maandishi yoyote? Ipe kazi ya kushika pazia. Nayo ni kazi ya heshima.

3. Ncha ni kwa chuma tu

Ile klampu nzito ya ndoano, yenye boliti inayobana bomba kwa ncha, ni shujaa kwenye bomba la chuma. Kwenye trasi ya alumini inaharibu, maana ncha inachimba ukuta laini wa bomba na kulidhoofisha pale pale lilipobeba mzigo. (Na trasi yenyewe umekodi, sivyo?) Kwa alumini chukua ile inayolikumbatia bomba pande zote. Ukiwa na hela ya aina moja tu, nunua hii, maana inafaa kote kuwili.

4. Chumvi huingia bila kadi

Upepo wa Raskazone ni mtamu kwa waalikwa. Kwa klampu ni habari nyingine. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na boliti ya chuma tupu huota kutu hata ikiwa imelala stoo. Kama kazi zako ni za ufukweni, kuanzia Tanga mjini hadi hoteli za Ushongo kule Pangani, hiki ndicho kidokezo cha kukikatia kikaratasi na kukibandika stoo.

Dukani, usidanganywe na mng'aro. Klampu inayometameta kama bangili mara nyingi imepakwa zinki nyembamba, na bahari itaimaliza mapema. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, nene kidogo, haina urembo wowote. Hiyo ndiyo yako. Kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, angalia kichwani: A2 ni ya bara, A4 ndiyo inayoistahimili chumvi vizuri zaidi. Ikiwa boliti ya namna hiyo inaingia kwenye klampu ya alumini, paka grisi kwanza, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Baada ya shughuli, ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, kitambaa kikavu, tone la grisi, basi. Jaribio la haraka kabla ya kazi inayofuata ni kuzungusha nati kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikigoma njiani, istaafishe. Nyundo si dawa.

5. Taa moja, waya wake mmoja

Tanga tunasema "waja leo, waondoka leo", lakini hayo ni ya wageni. Taa ikipanda isiondoke mpaka uishushe wewe. Kwa hiyo kila taa iwe na waya wa usalama wa chuma ulioandikwa kilo zake, unaozunguka bomba na kupita kwenye tundu la taa lililowekwa kwa kazi hiyo. Uwe mfupi, usiache kitanzi kirefu, kwa sababu kadiri taa inavyoanguka mbali zaidi, ndivyo inavyoupiga waya kwa nguvu zaidi. Waya wa kufungia nondo hauhesabiki. Vile vikamba vya plastiki vya kukusanyia nyaya ndiyo kabisa. Taa za kuzungusha kichwa zipe klampu mbili, kisha waya juu yake.

6. Boriti si bomba

Boriti za mikoko zimebeba dari za pwani kwa vizazi, nani atabisha? Ila zina vifundo, hazina duara kamili, na klampu hushika sehemu mbili tu huku ikikudanganya kwamba imekaza. Ukumbi ukiwa wa makuti na boriti, acha paa lipumzike. Simamisha stendi pembeni, na miguuni uweke mifuko ya mchanga mkavu. Ndoo ya lita 20 ikijaa mchanga hufika kama kilo 30, na mchanga hatujawahi kupungukiwa. Au laza taa sakafuni zimulike juu ukutani. Bibi harusi atapendeza vile vile, na wewe hukununua klampu hata moja!

7. Spana moja kwa zote

Unapoongeza klampu, shikilia saizi moja ya boliti. Za M10 mara nyingi hufunguliwa kwa spana namba 17, za M12 kwa namba 19. Ukichanganya utapanda na kushuka ngazi usiku kucha. Kaza kwa mkono, elekeza taa, malizia na spana, kisha itikise. Rudia kukagua kabla milango haijafunguliwa. Spana yenyewe ifunge kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, na mwenzako anayeshika ngazi mwambie awasogeze watoto wa jirani waliokuja kutazama.