Pale Penye Tope

Leo tuangalie jinsi idara ya chuo inavyokusanya maoni ya wanafunzi ili ifundishe vizuri zaidi.

Njia iliyozoeleka ni fomu ya mwisho wa muhula. Dadangu yuko chuoni na huijaza: mhadhiri alifika kwa wakati? Alieleza vizuri? Haiandikwi jina, ili mtu asiogope. Lakini dadangu hulalamika, "Mimi nishamaliza somo. Atakayefaidi ni wa mwaka ujao." Kweli kabisa. Ni sawa na kumuuliza mgeni kama mchuzi ulikolea chumvi na sufuria ishaoshwa.

Sasa, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, palikuwa na Frederick Mosteller, mwenyekiti wa kwanza wa idara ya takwimu iliyoanzishwa pale mwaka wa 1957. Mwaka wa 1989 alieleza njia yake. Dakika chache kabla ya kipindi kwisha, wanafunzi waliandika kwenye karatasi: jambo kubwa la leo ni lipi? Penye tope zaidi ni wapi, yaani wasipoelewa? Wangependa kusikia zaidi kuhusu nini? Alizisoma, kisha akarudi na majibu wakiwa bado ni wanafunzi wake.

Swali la pili ndilo lenye utamu. Haliulizi, "Mmeelewa?" Hilo sisi hulijibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!" Mimi huwa wa kwanza kupaza sauti, na huku logi zimenipita kama matatu iliyojaa.

Muhula uliopita nilimwomba mwalimu wetu wa hesabu tujaribu. Nilitetemeka, nikidhani ataona namkosoa. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, toeni karatasi." Tukararua kurasa za katikati ya daftari.

Kesho yake alikuja nazo zimefungwa kwa raba. Zaidi ya nusu zilitaja kitu kimoja: kile kistari kinachokaa juu ya namba, katika logi ya namba iliyo chini ya moja. Alikiri alidhani tulikimaliza kidato cha pili. Akakifundisha upya, pole pole.

Kisha akainua karatasi moja iliyoandikwa "kila kitu". Akauliza, "Huyu nitamsaidia nikianzia wapi?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, ingawa ilikuwa yangu. Jioni hiyo nyumbani nilifungua daftari, nikafuata hesabu mstari kwa mstari. Nilikuwa nimekwama mstari wa nne.