Daktari wa Jeshi na Homa ya Maziwa

David Bruce (1855–1931), daktari wa jeshi la Uingereza, alijulikana Afrika Mashariki mwaka 1903, alipothibitisha huko Entebbe kuwa mbung'o ndiye aletaye malale. Lakini kazi yake ya kwanza yatuhusu sisi wafugaji.

Mwaka 1887, kisiwani Malta, aligundua vijidudu vya homa iliyokuwa ikiwaua askari. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa Malta, akaona kuwa chanzo chake ni maziwa ya mbuzi. Askari walipoacha maziwa yale mwaka 1906, homa ikapungua sana.

Homa hiyo, iitwayo brusela kwa jina la Bruce, ingali ipo. Basi, ndugu wa Kiminini, chemsheni maziwa, wala msishike kwa mikono mitupu mimba ya ng'ombe iliyoharibika.