Chumba cha Kazi za Mikono Nyumbani: Tukipange, Tukifurahie



Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya mbuzi wa maziwa, merigoraundi na mikopo. Leo tuongee juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya kikundi: ile kazi ya mikono unayoifanya kwa sababu tu unaipenda, na mahali pa kuifanyia.

Tukiwatembelea wanavikundi, kutoka Rongo hadi Mbita, tunaona mambo yale yale. Mama anajua kusuka vikapu, lakini katani yake imefungwa guniani, gunia liko chini ya kitanda. Mzee ana nyatiti, lakini imetupwa juu ya mahindi na ngozi yake imetafunwa na panya. Msichana amemaliza kozi ya ushonaji, cherehani anayo, lakini cherehani hiyo siku hizi ni meza ya kuwekea chupa ya chai. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: hakuna nafasi.

Hebu tuangalie vizuri. Katika maboma mengi nafasi ipo. Kuna simba ambayo kijana aliiacha alipokwenda kujenga boma lake, au alipohamia mjini kikazi. Kuna jiko la zamani lenye paa zima. Kuna kona ya sebule iliyojaa viti vibovu vinavyongoja fundi tangu mwaka juzi. Kuhusu simba tunasema taratibu: hiyo ni nyumba ya mtoto wako, na kila ukoo una desturi zake kuhusu nani aingie na nani asiingie. Usianze kufagia kabla ya kuongea na mwenyewe na wazee wa boma. Chumba kilichoanza kwa ugomvi hakina raha ndani yake.

Na kutenga mahali pa kazi si mambo ya kizungu. Pale Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, ambapo UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, watafiti walikuta karibu na ua wa Kochieng dalili za kazi ya chuma. Wale waliojenga kuta za mawe bila saruji karne nyingi zilizopita walijua kwamba kazi ina mahali pake.

Sasa tufanye kazi. Siku ya kwanza toa kila kitu nje, kiweke juani. Usipange ndani kwa ndani, utakuwa unahamisha takataka kutoka kona hii kwenda ile. Gawa vitu: vya kazi yenyewe, vya nyumba, na vya kutupa. Vya nyumba virudi nyumbani. Kama sakafu ni ya udongo, ikandike upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe, iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha chochote.

Adui wa kwanza ni mchwa. Miguu ya rafu ikae juu ya mawe bapa, na rafu isiguse ukuta, kwa maana mchwa hupanda kwa njia yake ya udongo ukutani. Ukiiona njia hiyo, ibomoe siku hiyo hiyo. Adui wa pili ni unyevu, hasa mvua za Machi hadi Mei. Mafunjo, yale tunayoyaita togo, na mabua ya gugumaji ni lazima yakauke sawasawa kabla ya kuingia ndani. Ukiyaingiza mabichi yatashika kuvu, na kikapu chenye kuvu hakitamaniki hata kama kimesukwa vizuri namna gani. Siku ya kusuka utayanyunyizia maji kidogo yalainike. Yaning'inize kwa kamba darini, mbali na panya.

Wenye cherehani: toa vumbi na mabaki ya nyuzi chini ya bamba kila ukimaliza kazi, tia tone la mafuta ya cherehani, uifunike kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda ndani na siku moja gurudumu halizunguki. Sindano ziwe ndani ya kopo lenye kifuniko, juu, mbali na watoto. Iweke cherehani karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisifunike mshono. Wenye nyatiti nao waitundike kivulini, kwa sababu jua kali hupasua ngozi na unyevu huilegeza.

Sasa tunakuja kwa jambo ambalo hatutaki mtu alirukie. Katani, togo na vitambaa vinashika moto haraka sana. Koroboi isiingie katika chumba hicho hata kama unamalizia safu moja tu. Taa ya sola au stima ikiwepo, sawa. Isipokuwepo, lala, utamaliza kesho mchana. Jiko la makaa nalo lisiwashwe humo kwa ajili ya baridi, hewa yake huua mtu aliyefunga mlango na asijue kwamba anakufa.

Dawa za shamba, iwe za tumbaku, miwa au mboga, zisihifadhiwe humo. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto anaijua chupa ya soda. Akiyanywa, usimtapishe, kwa maana akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini. Na kwa ndugu zetu wa Nyatike wanaochimba dhahabu: zebaki isichomwe katika chumba hicho, wala katika nyumba yoyote ya boma. Mvuke wake hauonekani kwa macho, lakini unaharibu ubongo, na wanaoumia zaidi ni watoto pamoja na wale ambao bado wako tumboni.

Chumba kikiwa tayari, usifikiri vita vimekwisha. Mwezi wa Julai unakuja, mahindi yanavunwa, na ghafla chumba ni stoo. Ndiyo maana tunashauri mkubaliane mapema, magunia yakiwa bado matupu. Mama anaweza kusema, "Baba Otieno, mwaka huu mahindi tutayaweka wapi, ili ile kona yangu isiguswe?" Mzee akiulizwa mapema hivyo atatafuta mahali. Akiulizwa magunia yakiwa tayari mlangoni atasema, kwani vikapu vinaliwa?

Swali hilo, kwani vikapu vinaliwa, tumelisikia hata ndani ya vikundi. Na hapa tunatofautiana na baadhi ya wenzetu katika kazi ya maendeleo, ambao kwao kila kikapu kina bei na kila saa ina hesabu. Soko ni zuri, hatulipingi. Karo inalipwa na soko. Lakini tumewaona akina mama walioacha kusuka kabisa kwa sababu bei ilianguka, kana kwamba mikono yao ilikuwa ya mnunuzi. Tumewaona pia wajane ambao, matanga yakiisha na watu wakirudi makwao, kitu cha kwanza walichoweza kukifanya ni kukaa mahali palipo kimya na kushika uzi. Hapo hakuna faida ya kuandikwa kwenye daftari la mweka hazina. Tunaomba basi kila mmoja awe na kazi moja katika chumba chake ambayo haiuzwi: kikapu cha binti anayeolewa, shuka ya kutarizi, wimbo anaojifunza.

Akina baba, msiseme chumba hiki ni cha wanawake. Na akina mama, msiseme nyatiti ni ya wanaume peke yao. Desturi ilikuwa hivyo, kweli, lakini katika miaka ya 2000 Mjapani Eriko Mukoyama, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Anyango, alikwenda Siaya akajifunza kuipiga nyuzi zake zote nane. Mgeni ametoka Japani akaja kukaa kwenye kigoda chetu, na binti yako hajawahi kuishika!

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Ni kazi gani ya mikono ambayo mmoja wetu aliijua zamani na ameiacha? Aliiacha kwa sababu gani hasa?

Nani katika kikundi hiki ana koroboi au dawa ya shamba mahali pamoja na vitambaa au katani? Itahamishiwa wapi, na kufikia siku gani?

Mkutano ujao tukutane kwa mwanachama aliye tayari kutoa vitu nje. Kila mmoja aje na ufagio, na wenye debe waje nalo, samadi tutaipata hapo hapo.