Taa ya oili ikiwaka gari likiwa sailensa

Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili huwaka kwenye dashibodi. Injini ikishawaka, taa hiyo inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache. Ikirudi ukiwa kwenye foleni, huenda presha ya oili iko chini. Presha hiyo ndiyo inayofikisha oili kwenye beringi na vyuma vinavyosuguana.

Sailensa ya kawaida ni ipi? Gari likiwa limesimama na hujakanyaga mafuta, injini nyingi ndogo za petroli zikishapata moto huzunguka mara 600 hadi 900 kwa dakika. Asubuhi zikiwa baridi huweza kupita 1,200, kisha hushuka zenyewe.

Na presha je? Pampu ya oili huendeshwa na injini, kwa hiyo injini ikizunguka polepole presha hushuka. Oili ya moto nayo huwa nyepesi, ikaishusha zaidi. Kwa mfano, Toyota yenye injini ya 5A-FE hutakiwa kuwa na angalau psi 4 (kipimo cha presha) ikiwa sailensa, na psi 36 hadi 71 kwenye mizunguko 3,000. Kila injini ina kiwango chake. Mwombe fundi akuonyeshe cha gari lako.

Taa ikiwaka ufanyeje? Egesha pembeni palipo tambarare, zima injini mara moja. Subiri dakika 10, chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe hadi mwisho, uichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kipimo hiki ni bure. Ikiwa imepungua, ongeza ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Taa isipozima, au injini ikigonga, usiendeshe. Livutwe hadi gereji.

Huko gereji, fundi afungue swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa hiyo, afunge geji ya presha mahali pake, apime injini ikiwa ya moto. Elewaneni bei kwanza. Presha ikiwa nzuri, huenda swichi hiyo ndiyo mbovu, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Ikiwa chini, akague pampu, chujio lake na beringi.

Usikubali kupandishiwa sailensa ili taa izime tu. Ipandishwe pale kipimo cha mizunguko kinapoonyesha sailensa yenyewe iko chini ya kiwango. Vinginevyo beringi zitaendelea kulika, na gharama ya kupima itageuka gharama ya kufungua injini nzima.