Mtindi na Vijidudu vya Tumboni

Watu wengi huuliza: mtoto akiharisha, je, mtindi watosha kumponya? Tukikosea jibu, twaweza kumpoteza mtoto. Basi yatupasa kulijua.

Maziwa huganda kwa kazi ya vijidudu viitwavyo bakteria. Viko vibaya, kama vile vya kipindupindu, na viko vimfaavyo mtu. Lakini kila kijidudu kimezwacho hukuta kwanza mlango mkali, ndio tumbo la chakula lenye asidi, na hapo vingi hufa. Vilivyosalia hukuta nyongo katika utumbo mwembamba, navyo hupungua tena. Vikiliwa pamoja na chakula, vingi zaidi hupita, kwa kuwa chakula hupunguza ukali wa asidi.

Mwaka 2009 watu wa Pemba na Unguja walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa, mara 2. Chanjo ile huchanganywa na maji yenye dawa jamii ya magadi, ili sehemu yake iliyo dhaifu isiharibiwe na asidi hiyo hiyo.

Tena vijidudu vyema havina nguvu sawa. Vya mtindi wa kawaida hufa kwa wingi. Vile viitwavyo Lactobacillus rhamnosus hustahimili zaidi, na akina mama wa Mwanza wamepata kuvitia katika mtindi wao. Wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini wageni hawa hawakai. Mtu akiacha kuvinywa, kwa kawaida hutoweka baada ya siku au majuma machache.

Je, vyaponya kuhara? Mwaka 2018 yalitangazwa majaribio 2 makubwa ya Marekani na Kanada: watoto wenye kuhara na kutapika waliopewa vijidudu vya namna hii hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Basi mtindi ni chakula chema, wala si dawa ya kuhara. Mtoto huuawa na kupungukiwa maji. Apewe dawa ya chumvi na sukari ya pakiti, iliyokorogwa katika maji safi kwa kipimo chake. Aendelee kunyonya na kula. Apewe na vidonge vya zinki siku 10 hata 14. Akiwa na damu chooni, au macho yamebonyea, au hawezi kunywa, apelekwe hospitali mara moja.

Nanyi walimu, wafundisheni wazazi neno hili kabla ugonjwa haujabisha hodi.