Mawese kwenye nywele?

Swali: Nywele zangu ni za asili na hukauka sana. Naweza kupaka mawese au siagi ya jikoni? (Msomaji, Butembo)

Jibu: Unaweza, dada, lakini anza na maji. Mafuta hayaongezi maji. Kazi yake ni kuzuia yale yaliyomo kwenye nywele yasipotee upesi. Ukiyapaka juu ya nywele kavu zitang'aa tu, ukavu utabaki palepale. Zilowanishe, zikaushe kidogo kwa kitambaa, kisha sugua mafuta machache viganjani na upake ukianzia nchani. Ncha ndiyo sehemu kongwe ya unywele, na ndiyo hukatika kwanza.

Mawese hulainisha vizuri, ila wekundu wake hushika kwenye foronya na kola, na kwa baridi ya Butembo huganda. Mimi ningechagua mafuta ya kokwa za ngazi, yale ya rangi ya kahawia yanayotokana na kokwa zilizokaangwa. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, kama ilivyo kwenye mafuta ya nazi, na asidi hiyo hupenya ndani ya unywele.

Siagi iache mezani: ina maji na mabaki ya maziwa, kwa hiyo huchacha na kunuka. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki usiyaguse kabisa.

Kama una mba, usipake mafuta kwenye ngozi ya kichwa, kwa sababu kuvu wa mba hustawi kwa mafuta. Ukiona vidonda au nywele zinanyonyoka, nenda kituo cha afya mapema.