Somo: Kutunza pikipiki ya zamani sisi wenyewe



Katika toleo hili tunajifunza kutunza pikipiki ya zamani nyumbani. Labda mtu atauliza: pikipiki inahusu nini amani? Tuwaeleze kwanza yaliyotupata.

Kikundi chetu ni cha familia zilizohama na familia zilizotupokea. Tulipewa Yamaha AG100 iliyokwisha kutumika miaka mingi. Ilibeba akina mama wajawazito hadi kituo cha afya, na mihogo hadi sokoni. Siku moja injini ilikwama njiani, mgonjwa akiwa nyuma. Tulimfikisha kwa tipoyi. Jioni maneno yakaanza: wahamaji waliwalaumu wenyeji, na wenyeji wakawalaumu wahamaji. Majuma mawili hatukusalimiana vizuri.

Fundi alipofungua injini, alikuta pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Tangi la oili lilikuwa kavu. Hakuna aliyeiharibu kwa makusudi. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameweka oili.

Kabla ya kuanza kazi

Fanyeni kazi nje, mbali na mbabula, taa ya moto na sigara. Msiwashe injini ndani ya nyumba au hema, kwa sababu moshi wake una sumu inayoweza kuua. Watoto wasicheze karibu na petroli.

Mambo sita ya kuangalia

1. Oili. Injini ya AG100 huchoma oili pamoja na petroli. Oili hiyo ina tangi lake, na pampu ndogo huipeleka kwenye injini. Iangalieni kila asubuhi. Kama pampu iliondolewa, oili huchanganywa na petroli kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki. Kwa mfano, kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Msikadirie kwa macho. Lakini pikipiki za Boxer au TVS zinazobeba abiria huwa na oili chini ya injini. Hizo msizichanganyie oili katika petroli.

2. Kichujio cha hewa. Vumbi la barabara zetu husaga pistoni na silinda. Kichujio cha sponji kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke kivulini, kisha kipakwe oili kidogo na kukamuliwa bila kusokotwa. Msiendeshe pikipiki bila kichujio.

3. Plagi, au buji kama wengi wanavyoita hapa. Ifungueni injini ikiwa imepoa. Ncha ya rangi ya kahawia ni dalili njema. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, petroli au oili imezidi, au kichujio kimeziba. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi: mwoneni fundi kabla ya kusafiri mbali.

4. Petroli. Ile ya chupa tunayonunua kwa kadafi inaweza kuwa na maji au uchafu. Ichujeni kwa kitambaa safi. Injini ikikohoa, fungeni bomba la petroli, kisha mwageni kidogo iliyo chini ya kabureta ndani ya chombo na kuiangalia. Maji hukaa chini ya petroli.

5. Cheni. Katikati yake, kwa pikipiki nyingi, icheze takriban sentimita 2 hadi 4. Ikikazwa mno hukatika na kuharibu beringi. Ikilegea mno huruka na kufunga gurudumu. Cheni iliyofunikwa, kama ya AG100, isisahauliwe kwa kuwa haionekani.

6. Breki, tairi na nati. Jaribuni breki kabla ya kupakia mtu. Barabara ya mawe hulegeza nati. Zikazeni kila juma.

Oili chafu msiimwage karibu na kisima au mto.

Daftari la pikipiki

Baada ya ugomvi wetu tulichagua watunzaji wawili, mmoja mhamaji na mmoja mwenyeji. Kila anayeichukua huandika tarehe, safari, oili aliyoweka na kasoro aliyoiona. Anayeirudisha huangalia pamoja na mtunzaji. Fedha za matengenezo hutengwa kila juma, kabla ya kugawana mapato. Pikipiki bado huharibika, kwa maana ni mzee. Lakini sasa tunafungua daftari kwanza, kabla ya kufungua midomo.

Maswali ya kujadiliana

- Ni mali gani ya pamoja kwetu isiyo na mtunzaji anayejulikana?
- Kitu kikiharibika, tunatafuta kwanza sababu au mtu wa kulaumiwa?
- Nani kati ya vijana wetu, wasichana na wavulana, anaweza kujifunza kazi hii kwa fundi?

Methali yatuonya: usipoziba ufa utajenga ukuta. Anzeni kesho asubuhi na tangi la oili.